Moscow ilimpa vidole, ikamnyima pasipoti

Tangu Urusi iivamie Ukraine Februari 2022, Lithuania imekuwa ikibishana kuhusu muziki kwa ukali ambao nchi nyingi huuhifadhi kwa ajili ya kodi na uchaguzi. Waziri wa utamaduni wa wakati ule, Simonas Kairys, aliziomba taasisi za sanaa ziziweke kando kwa muda kazi za Tchaikovsky, mtunzi maarufu wa Kirusi, na jumba la taifa la opera na baleti mjini Vilnius likaiondoa kwenye ratiba baleti yake maarufu ya Krismasi. Mwishoni mwa 2024 serikali ilibadilika, waziri mpya, Šarūnas Birutis, akaonyesha kuwa haoni kwa nini watu waiogope ngoma ya Krismasi, na mabishano yakawaka upya. Kwa wasomaji wa mbali habari hizi hufika zimekatwa kichwa na miguu: Walithuania wamepiga marufuku muziki wa Kirusi, au Walithuania wamelegea. Yote mawili si sahihi, na wala hilo si jambo linalonisumbua zaidi. Linalonisumbua ni kwamba mazungumzo yakianza kwa Tchaikovsky, ambaye alikufa 1893 na hawezi kuumia tena, huteleza haraka yakaishia kwa walio hai: wapiga piano wa Lithuania waliofundishwa Moscow. Mmoja atasema hao ni matunda ya Urusi, kwa hiyo Lithuania inyamaze na ishukuru. Mwingine atasema ni matunda ya Urusi, kwa hiyo watazamwe kwa jicho la pembeni.

Mimi naona wote wawili wanachanganya mambo mawili ambayo katika muziki wa piano hutengana kabisa. Kuna mafunzo, na kuna safari ya jukwaani. Ujuzi wa mkono haumilikiwi na dola iliyoulipia, kwa sababu hupita kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi na dola haina mahali pa kuushika. Safari ya jukwaani ni habari nyingine. Hiyo inahitaji pasipoti, visa, mialiko, ukumbi na mtu wa kupokea simu, na dola inaweza kuishika yote. Anayetaka kuuona utengano huo katika maisha ya mtu mmoja amtazame Mūza Rubackytė.

Alizaliwa Kaunas mwaka 1959, Lithuania ikiwa moja ya jamhuri za Umoja wa Kisovieti, na akiwa na miaka 7 tayari alikuwa amepiga pamoja na okestra mjini Vilnius. Sentensi kama hiyo kwenye wasifu wa mwanamuziki hutufanya tufikirie kipaji cha ajabu. Kipaji kilikuwapo, lakini nyuma yake kulikuwa na mtambo wa serikali uliojengwa kwa ngazi. Ngazi ya chini ilikuwa shule ya muziki ya watoto, kwa kawaida ya miaka saba, ambako mtoto alikwenda baada ya masomo ya kawaida. Walioonekana wana kitu walichujwa wakapelekwa shule maalumu, ambako hesabu na jiografia zilifundishwa chini ya paa moja na piano. Vilnius ilikuwa nayo moja, yenye jina la mtunzi M. K. Čiurlionis, na ndiko Rubackytė alikopita. Juu kabisa ilikaa konsavatori, yaani chuo cha juu cha muziki. Mzazi hakuhitaji kuwa tajiri. Mwanafunzi alikuwa na mwalimu wake wa ala, wawili tu chumbani, wiki baada ya wiki, na mara nyingi mwalimu yule yule kwa miaka mingi. Pembeni yake kulikuwa na solfeji (kusoma noti kwa kuziimba), nadharia, historia ya muziki, na mitihani ya skeli na mazoezi ya vidole ambayo hakuna aliyeipenda. Konsavatori kulikuwa na desturi moja ambayo naamini ilifundisha kuliko mtaala: somo la mtu mmoja lilisikilizwa na wengine waliokaa kando ya ukuta. Aliyekosea alikosea mbele ya wenzake, na aliyekaa ukutani alijifunza kipande ambacho hakuwa amepewa.

Kutoka Vilnius alikwenda Konsavatori ya Moscow, darasa la Yakov Flier. Huyu Flier ana kisa chake. Mwaka 1936 alishinda mashindano ya Vienna, akimwacha nafasi ya pili Emil Gilels, ambaye baadaye dunia ilimjua zaidi. Kisha kidole cha mkono wake wa kulia kikamletea matatizo, akaacha kupiga hadharani kwa miaka mingi, na nguvu zake zote zikaingia darasani. Bella Davidovich, Rodion Shchedrin na Mikhail Pletnev ni baadhi ya waliopita mikononi mwake. Alifariki Desemba 1977, Rubackytė akiwa na miaka 18, kwa hiyo muda aliokaa naye haukuwa mrefu. Lakini katika elimu ya piano muda mfupi kwa mtu wa namna hiyo una uzito, kwa sababu anachopokea mwanafunzi si mawazo ya mwalimu mmoja.

Masheikh wa pwani yetu wanalijua jambo hili vizuri kuliko wachambuzi wa siasa za utamaduni. Mwanachuoni haulizwi tu anajua nini. Anaulizwa amesoma kwa nani, na huyo naye alisoma kwa nani, mpaka silsila ifike mwisho wake. Wapiga piano nao huhesabu hivyo hivyo. Flier alisoma kwa Konstantin Igumnov, Igumnov kwa Alexander Siloti, Siloti kwa Franz Liszt, Liszt kwa Carl Czerny, na Czerny kwa Beethoven. Katika silsila hiyo Moscow ni vituo viwili au vitatu vya katikati. Liszt alikuwa Mhungaria aliyeishi Paris, Weimar na Roma. Siloti alizaliwa karibu na Kharkiv, katika Ukraine ya leo. Kinachoitwa "shule ya Kirusi" kilikuwa soko kubwa lenye wachuuzi kutoka kila upande, na mwenye soko akaandika jina lake juu ya bidhaa zote.

Iko silsila ya pili inayouma zaidi kwa anayedai kwamba Lithuania ilikopeshwa tu na haikuwahi kutoa. Katika mji mdogo wa Žasliai, kwenye njia ya reli kati ya Vilnius na Kaunas, alizaliwa mwaka 1870 mtoto wa familia ya Kiyahudi aliyeitwa Leopold Godowsky. Alikulia Vilnius, kwa sehemu kubwa akajifundisha mwenyewe, na akafikia ufundi ambao mpaka leo wapiga piano wakiuzungumza hushusha sauti. Alizichukua etudi za Chopin, vipande vya kupima ufundi wa vidole, ambavyo tayari ni mlima, akavipanga upya, vingine vipigwe kwa mkono wa kushoto peke yake. Godowsky alipokuwa akifundisha Vienna, miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Heinrich Neuhaus, mzaliwa wa mji wa Ukraine unaoitwa leo Kropyvnytskyi. Neuhaus akahamia Moscow, akawafundisha Sviatoslav Richter na Emil Gilels, na pia Vera Gornostayeva. Gornostayeva akamfundisha Petras Geniušas, Mlithuania aliyezaliwa 1961. Petras akamwoa binti wa mwalimu wake, naye mwaka 1990 akazaliwa Lukas Geniušas, aliyelelewa na bibi huyo huyo kwenye piano, na ambaye leo ni mmoja wa wapiga piano wenye jina la Kilithuania wanaosikika zaidi duniani. Ukiifuata silsila ya Lukas kwenda nyuma, kutoka Moscow, kupitia Ukraine na Vienna, unafika Žasliai. Nani amemkopesha nani hapo? Mimi nimejaribu kupiga hesabu nikaacha.

Sasa turudi kwa Rubackytė na upande wa pili wa jambo. Mwaka 1981 alishinda tuzo kuu ya mashindano ya Liszt na Bartók mjini Budapest. Kwa kijana wa miaka 22 kutoka Paris au New York, ushindi kama huo ungefungua msimu mzima wa matamasha Ulaya. Yeye alirudi nyumbani na mlango ukafungwa. Msimamo wake haukuwapendeza wakuu, akanyimwa pasipoti ya kusafiri nje, na kwa miaka iliyofuata jukwaa lake likawa ndani ya mipaka ya Kisovieti. Mtu asidhani huo ulikuwa ukatili wa pekee uliomwangukia yeye peke yake. Ndivyo mfumo ulivyofanya kazi. Safari zote za nje zilipitia shirika moja la serikali, Goskontsert, lililoamua nani aende, aende wapi, arudi lini, na sehemu kubwa ya malipo yake ibaki kwa nani. Richter mwenyewe, ambaye nchi za Magharibi zilimjua kwa sifa na rekodi chache, hakuruhusiwa kupiga Marekani hadi 1960, akiwa na miaka 45. Mkono uliofundisha bure ndio huo huo ulioshika ufunguo.

Pasipoti aliipata 1989, akahamia Paris. Alikuwa na miaka 30. Watu husimulia sehemu hii kama mwisho mwema, nami naona inapita haraka mno. Katika kazi ya upigaji wa piano, kati ya miaka 20 na 30 ndipo mtu anapojulikana na waongozaji wa okestra, anapotokea kama mbadala wa dharura wa aliyeugua, anaporekodi diski ya kwanza, anapopata wakala atakayekaa naye maisha yote. Miaka hiyo ya Rubackytė ilitumika Vilnius na kwingineko ndani ya ukuta. Alipofika Ufaransa alikuwa fundi aliyekomaa asiyejulikana, hali mbaya kuliko kuwa kijana asiyejulikana, kwa sababu kijana husamehewa. Aliijenga kazi upya kwa kuchagua uwanja wenye nafasi: alirekodi mizunguko mizima, yaani vipande vingi vilivyotungwa viende pamoja, kama "Miaka ya Hija" ya Liszt, akamchukua Louis Vierne, ambaye Wafaransa wenyewe walimkumbuka kwa kinanda cha kanisani wakasahau muziki wake wa piano. Ilikuwa akili ya mtu anayejua kuwa hawezi kushindana kwa Chopin na walioanza miaka kumi kabla yake.

Kwa ushahidi huo, tuzipime hoja zinazorushwa. Wanaotaka kujitenga na Moscow wana hoja yenye nguvu kuliko wanavyopewa haki yake. Dola ya Urusi huutumia muziki kwa makusudi, na si siri. Mashindano ya Tchaikovsky, yaliyoanzishwa 1958, yalifukuzwa Aprili 2022 kutoka shirikisho la dunia la mashindano ya muziki kwa sababu hiyo hasa. Na Walithuania si watu wanaohadithiwa vita na televisheni tu: tarehe 13 Januari 1991 wanajeshi wa Kisovieti waliua raia mjini Vilnius, penye mnara wa televisheni. Nchi yenye kumbukumbu hiyo ikisema tungoje kidogo kabla ya kuipigia makofi baleti ya Kirusi wakati mabomu yanaanguka Kharkiv, sioni ushamba wala chuki. Naona tu kwamba ombi la namna hiyo lina nguvu katika miezi ya kwanza na hupungua kadiri linavyogeuka mazoea, na kwamba halina la kusema kuhusu mpiga piano wa Kaunas aliyejifunza namna ya kuweka uzito wa mkono kutoka kwa mzee wa Moscow.

Wapinzani wao wana hoja mbili. Moja inastahili kujibiwa kwa uangalifu: kwamba bila Moscow nchi ndogo kama Lithuania isingefika huku. Ukweli wake ni kwamba mtandao ule wa shule za serikali ulikuwa mpana kuliko chochote ambacho Lithuania huru ya kabla ya vita ilimudu. Upungufu wake ni kwamba unaanza historia katikati. Čiurlionis, mtunzi na mchoraji ambaye nchi nzima iliadhimisha miaka 150 ya kuzaliwa kwake mwaka 2025, alisomea Warsaw na Leipzig. Balys Dvarionas, aliyefundisha vizazi vya wapiga piano tangu miaka ya 1920 hadi alipofariki 1972, alisomea Leipzig kwa Robert Teichmüller na Berlin kwa Egon Petri. Kaunas ilikuwa na shule yake ya muziki iliyoanzishwa na Juozas Naujalis mwaka 1919, ikawa konsavatori 1933. Njia ya kwenda magharibi ilikuwapo na ilikuwa inatumika. 1940 ilifungwa na Moscow, yule yule anayedai leo kushukuriwa kwa kuwa njia pekee. Na hoja ya shukrani yenyewe, sisi wa Afrika Mashariki tungeitazama kwa kicheko kidogo. Tangu 1960, chuo kikuu cha Moscow kilichopewa jina la Patrice Lumumba, pamoja na vyuo vya Kiev na kwingineko, vimefundisha madaktari na wahandisi wetu. Hakuna mgonjwa aliyewahi kulazwa Muhimbili akauliza kama mshono wake unaitii Kremlin.

Hoja ya pili ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa makofi zaidi: kwamba muziki hauna mipaka, kwa hiyo siasa zikae nje. Ni maneno mazuri kwa kadi ya mwaliko. Mwambie mtu aliyerudi kutoka Budapest na tuzo kuu mwaka 1981 kwamba muziki hauna mipaka. Noti za Liszt zilivuka kweli. Nakala zake zilipatikana Vilnius kama zilivyopatikana Budapest. Aliyezuiwa ni mtu mwenye vidole vya kuzipiga. Wanaorudia msemo huu wanadhani wanamtetea msanii dhidi ya dola, kumbe wanaisamehe dola iliyokuwa ikimfungia, kwa kujifanya hawaioni. Na hili lina sura yake ya leo. Mikhail Voskresensky, aliyefundisha Konsavatori ya Moscow kwa zaidi ya nusu karne, aliondoka Urusi 2022 kwa kupinga vita, akiwa na miaka 87, akaenda Marekani. Kama siasa zingekuwa nje ya chumba cha piano, mzee wa umri ule asingefungasha mizigo.

Lukas Geniušas anaileta hoja yangu mahali pagumu, na sitaki kupakwepa. Yeye hakunyimwa pasipoti. Alizaliwa Moscow, akasomea Moscow, akapata nafasi ya pili kwenye mashindano ya Chopin mjini Warsaw mwaka 2010, na nafasi ya pili tena kwenye Tchaikovsky mwaka 2015. Medali hiyo ya mwisho ilitolewa Urusi ikiwa imeshaitwaa Crimea kutoka Ukraine. Nikisema mafunzo hayana mwenyewe lakini jukwaa linaye, basi lazima nikubali kwamba medali ile, tofauti na alichofundishwa na bibi yake, ilitoka kwenye jukwaa la dola. Nakubali. Sikubali kwamba inafuata aitupe, wala kwamba ukumbi wa Vilnius umdai maelezo kila anapoketi kwenye piano. Inafuata tu kwamba tupime medali kwa uzito wake halisi, ambao ni mdogo kuliko waandaaji wanavyotaka tuamini. Warsaw 2010 aliyeshika nafasi ya tatu alikuwa Daniil Trifonov, ambaye leo anajaza kumbi kuliko karibu wote aliopiga nao wiki zile. Moscow 2015 aliyezungumzwa zaidi alikuwa Lucas Debargue wa Ufaransa, aliyeshika nafasi ya nne. Eric Lu alikuwa wa nne Warsaw 2015, akarudi miaka kumi baadaye, Oktoba 2025, akashinda. Majaji hutoa medali; kazi hutolewa na watu wengine, kwa sababu nyingine, na mara nyingi kwa tarehe nyingine.

Hapo ndipo Lithuania ingefaa kuelekeza jicho lake. Tangu nchi ijiunge na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, kijana wa Vilnius haombi ruhusa ya mtu kwenda kusoma. Hata kabla ya hapo mkondo ulishaanza kugeuka: Gabrielius Alekna alikwenda chuo cha Juilliard, New York, na mwaka 2005 akapata tuzo ya pili kwenye mashindano ya Beethoven mjini Vienna, Gintaras Januševičius akafanya makao yake Hannover. Silsila zinaunganishwa upya na miji ile ile aliyoijua Dvarionas. Lakini uhuru wa kusoma popote una bei yake isiyoandikwa kwenye katazo lolote. Mtambo wa zamani, pamoja na ubaya wake wote, ulihakikisha kwamba mtoto wa mji mdogo anakutana na mwalimu mzuri akiwa na miaka 6, kabla hajajua kuna New York. Wakala wa matamasha wa London hamfikii mtoto huyo. Anamfikia akiwa na miaka 20, tayari ameiva, na mara nyingi tayari ana mzazi aliyelipa. Kubishana miaka mitatu kuhusu baleti moja huku mshahara wa mwalimu wa shule ya muziki ya wilayani ukiachwa bila mjadala ni kuchagua vita rahisi. Nchi ambayo kiongozi wake wa kwanza baada ya tangazo la uhuru la Machi 1990, Vytautas Landsbergis, alikuwa mwalimu wa muziki na mpiga piano aliyetumia maisha yake kumchambua Čiurlionis, haina haja ya kuelezwa kwamba chumba chenye piano na mtoto mmoja ni jambo la taifa.

Rubackytė, kwa upande wake, hakungoja mjadala uishe. Anaishi kati ya Paris na Vilnius, na mwaka 2009 alianzisha tamasha la piano katika mji ule ule alimopanda jukwaani akiwa na miaka 7. Wapiga piano wa nje hualikwa, hushuka uwanja wa ndege wa Vilnius, huonyesha pasipoti dirishani wakitakiwa, na jioni huwa ukumbini.